Kigingi cha Mbele ya Mlango wa Bibi

Mwanangu Raya,

Salamu utazipata kesho kinywani mwangu, pamoja na chai na dua. Hizi ninazoziandika ni zile zinazonikwama kooni. Wanijua: mbele ya mtu mimi hulipima neno mpaka likapoa, na likishapoa halina tena kazi. Utaisoma barua hii ukishavuka, ukiwa Kisiwa Panza, juu ya kitanda nilichozaliwa mimi.

Sitakuandikia habari ya chandarua, wala ya dawa ya tumbo, wala namna ya kuwaamkia wazee wa kule. Hayo umeyasikia wiki nzima, hata jana ukaniuliza, "Mama, unanipeleka kwa bibi yangu au kwa Firauni?" Nilicheka, kisha nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Naogopa, na kuogopa kwangu hutoka kwa sura ya kazi.

Tuanze na unalolijua. Umepata kazi kwa Dokta Faki, mwalimu wa chuoni kwetu anayechunguza namna bahari inavyoila pwani. Utakaa kwa Bibi Mize mpaka lipite bamvua kubwa, yale maji makuu ya mwezi mpevu, na kila maji yakijaa utavitazama vigingi vyake, vile vya mti vyenye rangi nyekundu kichwani, uone maji yamefika wapi. Kikipotea kimoja utapiga kingine mahali pake. Dokta ameniambia amekuchagua kwa sababu u makini, umemaliza Kidato cha Sita, na una mwenyeji kule.

Asilolijua ni kwamba mwenyeji wako ndiye anayeving'oa vigingi vyake. Mimi nalijua tangu Idi.

Mwezi uliopita Mkuu wa Idara aliniagiza nikusanye kwa kila mwalimu wa baiolojia na mazingira maelezo mafupi ya utafiti anaoupenda, kwa Kiswahili ambacho mzazi akija na mwanawe ataweza kukisoma ukutani akakielewa. Kazi ndogo, na wajua ninavyozipenda kazi ndogo: hazina ugomvi ndani yake.

Wa kwanza kuja mezani kwangu alikuwa Dokta Zuwena, yule mcheshi uliyemwona siku uliponiletea mwavuli.

"Karani, andika hivi: Dokta Zuwena anapenda popo."

"Basi?"

"Popo wanatosha. Wenzangu wana waume, mimi nina popo."

Nilipomwomba maneno mengine mawili akaanza kusema, na akisema popo uso wake hubadilika. Anawafuata popo wakubwa wa Pemba, wale wenye uso kama wa mbweha, aone miti wanayolala, matunda wanayokula, na mbegu wanazozidondosha mbali na mti wake. Bila popo, alisema, msitu hauna wa kuupanda. "Lakini wale wa makaburini Kisiwa Panza wamehama. Miti yao inanyauka kuanzia mizizini. Nadhani ni chumvi. Chumvi lakini si yangu, Karani. Chumvi muulize mwenzangu wa visima."

Mwenzake wa visima, yule mrefu asiyependa maneno, alikuja baada ya adhuhuri. Nikaandika: chumvi katika maji ya visima vya pwani. Nikamuuliza visima vya wapi.

"Vingi. Panza zaidi. Kila bamvua likipita, maji yanazidi chumvi, na hayarudi yalivyokuwa."

"Kwa nini?"

"Bahari inasogea. Hilo si langu. Muulize Faki."

Dokta Faki akaja wa mwisho, na Dokta Zuwena alikuwa amerudi kutafuta gundi. Faki akaniambia utafiti wake ni ukingo: mahali bahari inapokomea, na inapokomea ikishakosa mikoko ya kuizuia. Kisiwa Panza amepanga vigingi pwani yote ya kusini. Kamati ya shehia imemwomba ramani, ili nyumba zilizo hatarini zihamishwe kabla ya bamvua kubwa, na yeye amewapa alichonacho.

"Ila pana mahali pamoja sina kitu," akasema. "Kila nikipiga kigingi, kesho hakipo. Hapana kipimo, basi kwenye ramani hapana nyumba. Karani, wewe si wa kule? Nani ananing'olea vigingi vyangu?"

Raya, nilikuwa na kalamu mkononi. Ningeweza kuiweka chini nikasema jina moja.

"Labda mbuzi," nikasema.

Dokta Zuwena akaangua kicheko. "Mbuzi wa Panza! Anaacha majani, anatafuna mti mkavu!"

"Tena wasomi," akasema Faki, "maana wanachagua vya mlango mmoja tu."

Tukacheka sote. Na mimi nilicheka, kwa sauti, kwa kuwa mtu asiyecheka huulizwa ana nini. Kisha wakaenda zao kunywa chai, kila mmoja na lake, nami nikabaki peke yangu na mizizi, na kisima, na ukingo. Wao walimu, kila mmoja amekishika kipande chake kwa uaminifu na amekomea pale kinapokoma. Mimi nisiye na utafiti wowote nilikuwa nimevishika vyote vitatu, na vyote vitatu vilikuwa mlangoni pa mama yangu. Makaburi yako nyuma ya nyumba. Kisima kiko ubavuni. Mlango unatazama kusini.

Sasa nikwambie habari ya Idi. Wewe ulibaki Chake kwa ajili ya mitihani, nami nikaenda peke yangu. Nilimkuta Bibi jikoni anapuliza moto, na kuni zilizokuwa mafigani zilikuwa na vichwa vyekundu.

"Mama, kuni hizi umezitoa wapi?"

"Zaota hapo nje. Kila wakija wale wa chuo, zaota."

"Mama, hivyo ni vigingi vya Dokta."

"Wanifanya mimi sivijui? Juzi kaja mwenyewe, kakaa hapo ulipokaa wewe, kanywa chai yangu kaisifu. Kasema chai ya Panza ina ladha ya moshi." Akakisukuma kimoja ndani ya moto. "Nkamwambia, ni kuni zetu, mwanangu, kuni zetu nzuri."

Nilicheka hata machozi yakanitoka, naye akacheka, na kwa muda ule mdogo tulikuwa kama tulivyokuwa nilipokuwa msichana. Kisha akanitazama.

"Nkwambie kitu, Time. Bahari haina macho. Yenda inakoonyeshwa. Wakipiga kijiti, yafika kwenye kijiti. Wakipiga chengine nyuma yake, yafika na pale. Hujaona?"

"Nimeona."

"Basi mimi siwaachi waionyeshe mlango wangu."

Usimcheke, Raya. Mtu akiona mara nyingi kwamba kitu kinakuja baada ya kingine, ana haki ya kudhani hiki kinakiita kile. Na walimu wetu, kwa wema wao wote, hawakukaa hata siku moja wakamweleza kwa nini wanapiga kijiti. Walimsalimia, wakasifu chai, wakaenda.

Nilitoka nje ninawe uso. Uani mguu wangu ukazama. Mchanga ulikuwa umelowa mpaka kwenye ngazi, na mvua haikuwa imenyesha. Nikarudi ndani nikaingia chumbani, pale utakapolala. Nyuma ya kitanda Bibi ameegesha mkeka ukutani. Niliuvuta. Ukuta una mstari mweupe wa chumvi, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, juu kidogo ya kifundo cha mguu.

"Mama, maji yameingia humu?"

"Mgeni kapita," akasema kutoka jikoni. "Kapita, kenda zake. Urudishe huo mkeka."

Utalisikia neno hilo, ndiyo maana nakueleza. Kwetu jambo baya halitajwi, kwa kuwa ukilitaja umelikaribisha. Maji ya bahari yakiingia nyumbani huitwa mgeni. Yakipanda mpaka mvunguni, mgeni kalala. Nimekulia ndani ya lugha hiyo. Naipenda, ina adabu nyingi. Nadhani pia ndiyo iliyomuua babu yako kidogo kidogo, nami nilikuwapo.

Babu yako alikuwa na bonde la mpunga upande wa magharibi. Nilipokuwa Kidato cha Pili bahari ililifikia. Haikuja kwa kishindo. Ilipita chini ya mchanga, polepole, kama mtu anayeingia msikitini swala imekwisha kuanza. Miche ikatoka vizuri, kisha ncha zake zikawa nyeupe. Babu akasema ni upepo. Majirani wakasema ni upepo. Mwaka uliofuata alipanda tena, kwa mbegu bora kuliko zile za kwanza.

Nilimpelekea chakula bondeni. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba chumvi huunyang'anya mmea maji hata uliosimama ndani ya maji. Nikachovya kidole, nikakionja. Nilipoinua macho, babu yako alikuwa ananitazama, jembe begani.

"Vipi?" akaniuliza.

Hakuuliza kama baba. Aliuliza kama mtu anayemuuliza tabibu. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Kila mtu mtaani alikuwa akisema Time anasoma.

"Labda upepo," nikasema.

Alinishukuru kwa macho. Sijapata tena shukrani nzito kama ile. Akapanda na mwaka wa tatu, na hakula mchele wa bonde lile mpaka alipofariki. Siamini kwamba neno langu lingeirudisha bahari. Lakini angepanda mihogo juu, kwenye mwinuko. Angeacha kuamka kila siku kwenda kuipa moyo mimea iliyokwisha kufa.

Hata ndoa niliingia kwa njia hiyo hiyo. Nilikuwa Kidato cha Tatu, vitabu bado vipya, nikaulizwa kama nimeridhia, na wajua kimya cha mwanamwali huandikwa kuwa ni ndiyo. Kimya kile kilinipa wewe, kwa hivyo hicho peke yake sikijutii. Baba yako ana maisha yake Tanga na Mungu amsaidie. Nasema tu kwamba watu wakituona sokoni hudhani tu mtu na mdogo wake, na mimi mara nyingine huona wanasema kweli. Sijakua sana kumpita yule msichana aliyeonja maji. Nimepata meza na kiti, basi. Nimejifunza kuandika "inawezekana", "kwa kadiri inavyoonekana", "tunasubiri taarifa zaidi". Mkuu wa Idara husifu sana barua zangu.

Wiki hii nilijaribu kuwa mtu mwingine. Nilikwenda ofisini kwa Dokta Faki nimwambie kuhusu mbuzi. Mlango umefungwa; amekwenda Unguja kwenye mkutano, hatarudi mpaka bamvua lipite. Nilimwandikia ujumbe kwenye simu: "Dokta, anayeng'oa vigingi ni mama yangu mzazi. Nyumba yake ndiyo iliyo karibu na maji kuliko zote. Naomba iingie kwenye ramani." Niliufuta mara kadhaa. Mwishowe nikaupeleka. Mpaka sasa hajausoma.

Nikampigia sheha, maana kamati ni yake.

"Bi Time," akanijibu, "mimi nafuata ramani ya chuo. Nyumba ya mamako haimo. Nikiongeza yake bila karatasi, kesho kila mtu ataniletea yake."

"Lakini Sheha, wewe mwenyewe unapita pale kila siku. Hujaona uani?"

Akashusha sauti. Kisha akasema taratibu, "Naona. Ila mamako hajalalamika. Nilimuuliza mwenyewe, kanambia hana shida, wageni tu hupita. Sasa mimi nimwambie mtu mzima kwamba nyumba yake inaanguka, na yeye kasema haianguki?"

Unaona, mwanangu? Sheha anaona. Mimi naona. Walimu watatu wanaona, kila mmoja kwa jicho lake. Bibi anaona kuliko sisi sote, ndiyo maana amefunika ukuta kwa mkeka. Na nyumba ya watu wengi wanaoona haimo kwenye ramani. Zile za jirani zitahamwa juma lijalo, mashua zitakuja kubeba vitanda na mabati. Yake itabaki imesimama peke yake mbele, na nyuma yake patupu. Bamvua likija usiku na upepo wa kusini juu yake, hapatakuwa na jirani wa kumsikia akiita. Na sina hakika kama ataita. Ataita nani? Atasema mgeni kaja, atapandisha miguu kitandani.

Utaniuliza kwa nini basi nakuacha uende. Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka. Nikikuzuia, atakuwa peke yake mle chumbani. Nikienda mimi, tutakuwa wawili tunaonyamaza. Nikifika pale huwa na miaka kumi na minne, na mkeka nilioambiwa niurudishe niliurudisha. Wewe ni mwingine. Ulipokuwa na miaka sita ulimwambia Bibi mbele ya wageni kwamba mchuzi wake umezidi chumvi, watu wazima wote wakatazama chini, naye akauonja akasema, "Kweli, huyu mtoto kasema kweli," akauongeza tui. Wewe peke yako ndiwe uliyewahi kumwambia kitu akakikubali. Sijui kama ni haki kumtuma mtoto pale mama yake aliposhindwa. Nadhani si haki. Nakutuma hata hivyo, na nataka ujue kwamba nimelijua hilo nikakutuma.

Sasa fungua mkoba wako. Chini kabisa, ndani ya kanga ile ya zambarau ambayo ulisema hutaivaa, pana kigingi. Ni kimoja cha vile vya Idi. Nilikitoa motoni Bibi alipogeuka kuchukua sukari. Kimeungua ubavu mmoja lakini kichwa chake bado chekundu. Kimekaa kwenye mtoto wa meza yangu ofisini tangu siku ile. Siku ya mbuzi, walimu wanacheka, goti langu lilikuwa linaligusa droo lenye kigingi ndani yake.

Usianze na vigingi vya Dokta. Anza na hiki, na ukipige mchana, Bibi akiwa ameketi pale mlangoni anakuona. Akikuuliza nani kakupa, mwambie mama. Mtajie jina langu kamili, asije akadhani ni mama mwingine. Akisema kinaiita bahari, mshike mkono umpeleke chumbani, uvute mkeka, mwoneshe mstari, umwambie iliingia kabla ya kigingi hiki, tena vile vingine vyote vikiwa vimekwisha kuwa kuni. Useme bahari, Raya. Usiseme mgeni. Pengine atakupiga kibao cha mgongo. Kisha mngoje. Yeye huonja kwanza.

Akiking'oa, kipige tena. Kikibaki mpaka maji yajae, piga picha maji yakiwa yamekizunguka na mlango ukionekana nyuma yake, umpelekee sheha. Anataka kipimo, mpe. Na kama sheha naye atanyamaza, usimngoje Dokta, usiningoje mimi, usimngoje mtu yeyote anayeandika vizuri.

Nimeomba ruhusa kazini. Nimepewa siku ya bamvua yenyewe tu, wala haikutolewa kwa furaha. Siku hiyo nitakuwa Chokocho, bandarini ng'ambo ya kisiwa, tangu maji yangali chini, na mashua nimekwisha kuisemea. Ukimleta Bibi mapema, nitamshukuru Mungu mbele za watu na nitalia bila haya. Akikataa kuja, nitavuka mimi. Nitaingia chumbani na viatu vyangu vya ofisini, nimwambie yale niliyopaswa kumwambia babu yako bondeni, na tutamtoa mle, mimi miguuni na wewe kichwani, hata kama atatulaani njia nzima.

Mwezi bado ni mwembamba. Nimetoka nje sasa hivi kuutazama. Siku hizi hutoka kuutazama mara nyingi kuliko inavyonipasa. Kila siku unaongezeka kidogo, bila kelele.

Kigingi kipige mbele ya mlango. Sogeza hatua moja kuelekea baharini, siyo ndani: mlango wake tusiuonyeshe.

Aliyekuzaa, na anayeogopa,

Mamako, Time